Ombi la Makaburi Matano

Kazi yangu ni kuwajibu watu. Naanza hivyo kwa sababu hata mtaani kwetu Tibirinzi wapo wanaodhani kwamba mtu wa masijala anapangusa vumbi, anakunywa chai na kungoja mwisho wa mwezi. Mwananchi akitaka kujua jambo lililoandikwa serikalini, iwe ramani ya kisima, barua ya mpaka au muhtasari wa kikao cha zamani, anajaza fomu. Mimi naitafuta karatasi yake, na kabla siku kumi na nne hazijaisha namjibu kwa maandishi. Ikiwa ipo, anaisoma na kupewa nakala. Ikiwa haipo, anaambiwa haipo. Kwa maneno ni kazi nyepesi.

Tatizo ni kwamba watu wetu hawaji ofisini kuomba. Wanakuja kusalimia. Mtu atatoka Mtambile asubuhi, afike kwangu aulize hali yangu, hali ya mama yangu, hali ya goti la mama yangu, aseme karafuu mwaka huu zimechelewa, kisha aage. Akishafika mlangoni, mkono mmoja umeshika kitasa, ndipo anapogeuka: "Na ile karatasi ya mpaka wetu, mwanangu, si ipo?" Ombi lenyewe ndilo hilo. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikiandika kwenye daftari la wageni "amekuja kusalimia," na kweli niliamini. Siku hizi simwachi mtu afike mlangoni. Namwambia, kaa kitako, useme lililokuleta. Mama husema nimekosa adabu tangu niajiriwe. Huenda ni kweli.

Masijala yenyewe ni chumba kimoja mjini Chake, dirisha moja, makabati ya chuma tisa. Makaratasi ya zamani kutoka karibu kisiwa kizima yalikusanywa humo, na mimi nilijisifu kwamba jalada lolote naweza kulishika gizani. Nilirithi funguo kutoka kwa mzee mmoja aliyestaafu, mtu mpole, mcha Mungu, aliyeandika kwa kalamu nyekundu namba ya kila ukurasa kwenye pembe ya juu. Siku ya kunikabidhi alinionyesha makabati yote, kisha akanyoosha kidole juu ya mlango. Palikuwa na msumari, na kwenye msumari palining'inia mfuko wa kitambaa cha marekani, umefungwa mdomo kwa uzi.

"Huo si wa ofisi," akasema. "Humo mna Bismillahi. Usiuguse bila udhu, wala usiuweke chini."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kwetu karatasi yenye herufi za Kiarabu haitupwi, haikanyagwi, haifungiwi vitumbua. Ukiiokota njiani unaichomeka mahali pa juu, mpaka apatikane wa kuichoma au kuizika kwa heshima. Nimeona nyumba ambazo kila ufa wa ukuta umejaa vipande hivyo. Kwa hiyo ule mfuko ukabaki pale juu, nami nikawa napita chini yake kila siku, na kwa miaka sita sikuufikiria hata mara moja.

Bi Mkubwa mmoja kutoka Shumba Viamboni alikuja kwangu Jumatano, ofisi ndiyo kwanza imefunguliwa. Alikuwa mwembamba, amevaa buibui la zamani lililopauka mabegani, na mkononi ana kikapu cha mashokishoki. Kanuni zinasema tusipokee kitu kwa mwananchi. Niliyapokea, maana sijamwona bado Mpemba anayeweza kumrudishia mtu mzima mashokishoki yake mbele ya uso wake. Alipomaliza kuuliza hali ya kila mtu wa kwetu, nikamkalisha kitako.

"Mie natoka Shumba," akasema. "Pale kwetu pana skuli. Kiwanja alitoa babangu. Na hakukitoa kwa maneno tu, alikitoa kwa karatasi, kaandika kwa mkono wake. Karatasi yasema makaburi yaachwe."

"Makaburi ya nani, Bi Mkubwa?"

"Matano. Babu yangu, bibi yangu, ami zangu wawili. Na ntoto wangu wa mwanzo. Hakutimiza arubaini."

Alilisema hilo la mwisho bila kubadilisha sauti, akitazama fomu iliyokuwa mbele yangu. Kisha akanieleza kilichomleta. Skuli imepata madarasa mapya, na jambo la madarasa ni la kheri, hana ubaya nalo. Lakini mchoro wa msingi unapita upande wa kibla, palepale. Amewaambia kamati ya skuli, wamemwambia hapana makaburi hapo, ni mawe tu. Amewaambia babake aliweka sharti, wamemwambia bibi, umri huo, unasahau. Mwishowe sheha, ambaye ndiye mkuu wa shehia na mtu mwenye subira, akamwambia kama karatasi ipo basi ipo serikalini. Aende Chake, akija nayo msingi utasogezwa.

"Wanambia nasahau," akasema. "Mie nsahau ntoto wangu nimenlaza wapi?"

Nikamjazia fomu, kwa sababu macho yake yalikuwa hayaoni maandishi tena. Penye sababu ya kuomba taarifa niliandika: kuthibitisha masharti ya kiwanja cha skuli. Akaniomba nimsomee nilichoandika. Nikamsomea.

"Hujanandika ntoto," akasema.

"Nafasi ni ndogo, Bi Mkubwa. Hii inatosha."

Akakubali, akatia dole gumba, akaondoka. Mashokishoki tuliyamaliza kabla ya adhuhuri.

Nilitafuta kweli, nisijidhulumu. Nilifungua jalada la skuli ile, nikafungua jalada la ardhi la upande wa Shumba, nikafungua la visima kwa sababu mara nyengine vitu vya viwanja huingia humo. Siku tatu. Jalada la skuli lilianzia ukurasa wa nne. Kurasa tatu za mwanzo hazikuwepo, na namba nne nyekundu ya yule mzee ilikuwa pale juu kwenye pembe kama inanitazama. Nikajisemea moyoni, mchwa. Masijala yetu iliwahi kuliwa na mchwa, kila mtu anajua. Nikafunga jalada.

Jambo jengine ambalo sikulifanya ni kuuliza. Yule bibi aliniambia kwa kinywa chake kwamba babake aliandika kwa mkono wake. Mtu wa Shumba wa umri ule, aliyesoma chuo cha Kurani tu na hajakanyaga skuli, angeandika kwa herufi zipi? Marehemu babu yangu mwenyewe aliandika barua zake zote kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, hata orodha ya vitu vya dukani. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni, na siku ile halikunijia.

Siku ya sita nikaandika jibu. Siku ya sita, wakati kanuni imenipa kumi na nne. Kichwa kilinivimba kwa hilo. Niliandika kwamba baada ya upekuzi wa kina, ofisi inathibitisha kuwa hakuna waraka wenye sharti lililotajwa, na kwamba taarifa iliyoombwa haipo. Nikatia saini kwa niaba ya mkuu wa ofisi, nikapiga mhuri, barua ikaenda Shumba kwa mkono wa karani wa shehia.

Siku mbili baadaye binamu yangu anayekaa Konde alinitumia picha kwenye simu. Ilikuwa barua yangu, imepigwa picha juu ya meza, imezunguka katika kundi la simu la watu wa shehia. Chini yake mtu ameandika: serikali imeshasema, tuendelee na kazi. Binamu yangu alikuwa ananitania, eti sasa saini yangu imekuwa maarufu hadi kaskazini. Nilicheka. Sitaki kusema kwamba nilisikia kitu moyoni, kwa sababu sikusikia kitu.

Wiki iliyofuata tulianza kazi ya kuorodhesha kila kilichomo masijala ili viingizwe kwenye kompyuta. Niliyefanya naye kazi hiyo alikuwa dada mmoja kutoka bara, Mkristo, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuletwa kwetu. Alikuwa na tabia ya kuuliza kila kitu, na mimi nilikuwa na tabia ya kuchoka na maswali yake. Tulipomaliza kabati la tisa akasimama katikati ya chumba, akatazama juu ya mlango.

"Na huo mfuko?"

"Huo si wa ofisi. Ni mambo ya dini."

"Mambo gani?"

"Ya dini, dada. Misahafu iliyochanika, mambo hayo."

"Uliusoma ukajua?"

"Hausomwi. Umehifadhiwa."

Akaandika kitu kwenye orodha yake, akakifuta. "Samahani," akasema, "nisaidie tu niandike nini. Kitu kimo ndani ya masijala ya serikali, hakuna anayejua ni nini. Mimi siwezi kuugusa, sio wa imani yangu, sitaki kuwakosea. Lakini wewe unaweza."

Nilishikwa na hamaki. Nilitaka kumwambia kwamba kuna mambo mtu hawezi kuyaelewa kwa kuhamishiwa kisiwani miaka miwili. Badala yake nikatoka nje, nikachukua udhu kwenye bomba la mfereji uani, nikarudi, nikapanda juu ya kiti, nikauteremsha mfuko, nikauweka juu ya meza niliyoitandika kanga safi.

Juu kabisa zilikuwa kurasa za juzuu, zimepindana kwa unyevu. Kisha karatasi za maulidi. Kisha barua. Nilijua ni barua kwa sababu zilikuwa na matundu mawili ubavuni, yale ya kufungia jaladani, na kwenye pembe ya juu ya kila moja palikuwa na namba nyekundu. Zote zilianza na Bismillahi, kwa kuwa hapana mtu aliyeandika barua zama zile asianze hivyo. Yule mzee alipokuwa akipanga majalada aliona Bismillahi, akaona haifai jina la Mwenyezi Mungu libanwe kabatini baina ya makaratasi ya ujenzi wa vyoo na kesi za mbuzi waliokula mihogo ya watu, akazichomoa, akazipandisha juu. Hakuwa akisoma zaidi ya mstari wa kwanza. Alifanya kwa ucha Mungu wake, na mimi ndiye niliyeupokea mfuko kwa ucha Mungu huohuo.

Ya nne kuishika ilikuwa na namba nyekundu ya ukurasa wa pili. Nilisoma polepole, kidole chini ya mstari, kama chuoni. Ilikuwa Kiswahili chetu kitupu. Ama baada ya salamu, mimi wa Shumba nimetoa kiwanja changu kwa ajili ya skuli ya watoto, kwa ridhaa yangu, sikulazimishwa. Isipokuwa kipande cha upande wa kibla chenye makaburi matano, manne ya wakubwa na moja la kitoto. Hicho si cha skuli wala si cha mtu. Kiachwe.

Nilikaa. Dada wa bara akaniuliza kama ni kitu cha ofisi. Nikamwambia ni ile barua niliyoandika kwamba haipo. Hakunisimanga, ingawa alikuwa na haki. Alisema tu, "Piga simu."

Nilimpigia sheha. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema msingi umeanza siku nne nyuma, na upande ulioanzwa ni wa kibla. Nikamwomba asimamishe kazi hadi nifike. Akasema atasimamisha, lakini nisichelewe, saruji imeshakorogwa. Nilitoa nakala, nikaigonga mhuri, kisha nikaichukua na ile barua yenyewe, jambo ambalo karani mwengine akilifanya mimi ndiye ningemwandikia barua ya onyo. Nilihisi haya. Watu huuliza kama nilihuzunika. Huzuni ilikuja baadaye. Njia nzima hadi Shumba ilikuwa haya tu.

Nilifika baada ya sala ya alasiri. Nyuma ya skuli palikuwa na sheha, mwenyekiti wa kamati, fundi na vibarua wake wanne wamekaa juu ya matofali, na yule Bi Mkubwa ambaye alikuwa ameitwa kutoka nyumbani na bado hajaambiwa kwa nini. Alinisalimia vizuri sana, akauliza goti la mama. Nikamjibu. Kisha nikasema mbele ya wote kwamba karatasi imepatikana, ilikuwapo siku zote, ilikuwa ndani ya masijala yangu, na kwamba jibu nililotoa lilikuwa si sawa.

"Nsomee," akasema.

Nikaisoma. Nilipofika penye makaburi matano akaniomba nirudie. Nikarudia: manne ya wakubwa na moja la kitoto. Alikuwa akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia sauti anayoijua. Akaichukua karatasi, akaisogeza karibu na macho, akaiweka mbali, akanirudishia.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu mkavu, mwalimu mstaafu. Alisema, "Bi Mkubwa, utusamehe. Na wewe bibie wa ofisini, usione kama tumefanya jeuri. Sisi tulifuata barua yako." Akamwambia fundi msingi usogezwe hatua kumi upande wa kusini, hata ikibidi darasa moja lipungue, na fundi akasema inawezekana. Wote wakaonekana kupumua. Mimi pia nilipumua, nasema kweli, nilifikiri tumewahi.

Kisha sheha akasema ni vyema makaburi yahesabiwe kwa karatasi na yawekewe alama, ili jambo hili lisirudi tena. Tukaenda. Vichwani na miguuni palikuwa na mawe ya pwani yaliyolala ndani ya majani. Sheha akagusa kaburi la kwanza kwa fimbo, akasema moja. La pili. La tatu. La nne lilikuwa hatua moja tu kutoka kwenye handaki la msingi, limeponea chupuchupu. Kisha akazunguka, akafunua majani kwa fimbo, akarudi alikotoka. Vibarua wakasimama. Kila mtu akawa anatazama chini.

Bi Mkubwa hakutafuta. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye sehemu ya msingi iliyokwisha jazwa mawe na saruji, ile ya pembeni waliyoianza siku ya kwanza, akavua ndara, akasimama juu yake.

"Hapano," akasema.

Fundi akaweka mkono kichwani. Alisema wao waliona mawe mawili madogo tu, wakadhani ni mawe, wakayatia kwenye msingi pamoja na mengine. Alisema saruji bado haijashika sawasawa, anaweza kuivunja sasa hivi, kwa mikono yake mwenyewe, hataki hata ujira.

"Mwacheni," Bi Mkubwa akamwambia. "Mshamfunika. Msimfukue tena."

Akakaa kitako palepale juu ya saruji, akatandaza upande wa buibui lake pembeni, akanipigia pale kwa kiganja ili nikae. Nikakaa. Wanaume wakasogea mwisho wa pili wa msingi, sheha akiwa nyuma yao, na tukasikia sepetu zikianza kufukia handaki lililobaki. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, ya kuomba radhi, na mengi yake yalihusu yule mzee aliyestaafu na mfuko wake. Nilianza kuyasema. Nikamweleza habari ya Bismillahi, ya kurasa zilizochomolewa, ya mchwa niliowadhania. Alinisikiliza kwa adabu, bila kunikatiza, na akasema yule mzee Mungu amlipe, alikuwa na nia njema.

"Mie siye wa kukulaumu kwa kukosa kuiona," akasema. "Kitu chapotea. Lakini weye, mwanangu, ungenambia hujaiona, mie ningechukua nkeka wangu nikaja nikakaa papa hapa, na hapana ntu angechimba. Weye ulinambia haipo. Nikarudi ndani, nikajifungia mlango, nikasema labda kweli nasahau."